Uovu si Wendawazimu, wala Wendawazimu si Uovu

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Mbeya (Songwe ilikuwa mkoa 2016), ilikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa biashara ya ushirikina. Ukikaa barazani Mbozi Mission, penye hospitali ya Wamoraviani, yakitajwa mauaji yale hukosi kusikia: "Wale walikuwa wendawazimu." Kauli hii tunaipinga, na hoja yetu ni ya kifiqhi.

Akili ndiyo egemeo la taklifu. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo inamweka mwendawazimu pamoja na mtoto mdogo na aliyelala: wote hawaandikiwi dhambi. Kwa hadithi hiyo Sayyidna Ali (r.a.) alimzuia Sayyidna Umar (r.a.) asimpige mawe mwanamke mwenye wazimu. Sasa, anayepatana bei, akasubiri usiku, akaficha kisu kisha akatoroka, ana upungufu gani wa akili? Alichokosa ni khofu ya Mungu. Kumwita mwendawazimu ni kumpa udhuru ambao Sharia haikumpa. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 12, humhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo.

Hasara kubwa zaidi humwangukia mgonjwa. Uovu ukishaitwa wazimu, wazimu nao huonekana uovu. Kijana akianza kusikia sauti, hupelekwa kwa mganga, akafungwa mnyororo na kuchapwa ili "shetani atoke". Na baadhi ya wasomaji wa ruqya nao hufanya hayo hayo! Majini hatuwakanushi, Qur'ani imewataja. Lakini dalili ya kumchapa mgonjwa iko wapi? Mwanamke mwenye kifafa alipomwendea Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, hakutuhumiwa dhambi yoyote. Alipewa khiari: asubiri apate Pepo, au aombewe dua.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 322 Hijria (934), aliandika kitabu kinachotibu maradhi ya nafsi sambamba na ya mwili. Bimaristani ya Qalawun, Cairo, iliyojengwa 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilianza 1927. Wanaodai tiba ya akili ni jambo la Kizungu hawajaisoma historia yao.

Udhuru huo, hata hivyo, haufuti haki za watu. Mali aliyoiharibu mwendawazimu hulipwa kutoka katika mali yake, na akiua, jumhuri ya wanazuoni wameiweka diya juu ya jamaa zake, yaani aaqila. Penye ugumu ni wazimu wa kuja na kuondoka. Hapo kadhi hatazami hali ya mtu siku ya kesi, bali saa ile ya tendo. Na ushahidi wa saa ile hutafutwa kwa tabibu na kwa waliokuwa wakiishi naye.