Mlevi Asiyepepesuka: Kumsoma Jack London Baada ya Kuacha Pombe

Aliyenifundisha mlevi ni mtu wa namna gani ni Zakaria. Wengi wenu mnamjua: baba yake Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ambayo wengine tuliisoma kwanza kwa kuificha chini ya dawati. Zakaria wa Namagondo, Ukerewe, anakunywa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na mzigo wa nyumba anaubeba mkewe, Regina. Mabinti wanakua kwa hofu. Nilifunga kitabu kile nikiwa na picha kamili kichwani: mlevi hupepesuka, hupiga kelele, watoto wakimsikia kwa mbali hujificha.

Picha hiyo ilinilinda kwa miaka karibu ishirini. Mimi ni mhariri. Shati langu lilipigwa pasi, ada za watoto zililipwa, miswada ilirudi kwa wenyewe kwa wakati. Sikuwahi kumpiga mtu. Nilikuwa nakunywa kila siku iliyoletwa na Mungu, lakini nilikuwa na jibu: Zakaria ndiye mlevi, mimi ni mtu anayekunywa.

Kitabu kilichonivunjia jibu hilo hakikuandikwa kwa Kiswahili, wala mwandishi wake hakukusudia kunivunjia chochote. Ni John Barleycorn cha Mmarekani Jack London, kilichotoka mwaka 1913. Kinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa muda wa hakimiliki yake umeshapita. Jina lenyewe ni utani wa zamani wa Waingereza: pombe inageuzwa kuwa jamaa fulani, Bwana Punje-ya-Shayiri, anayekutembelea, anayekuchekesha, halafu hatoki. London anasimulia maisha yake yote kwa kufuata urafiki wake na jamaa huyo. Analewa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, alipotumwa kupeleka ndoo ya bia shambani. Akiwa kijana ni mwizi wa chaza kwenye Ghuba ya San Francisco, na anajifunza kwamba ukitaka kuhesabiwa mwanamume kati ya wanaume, sharti uagize na wewe ununue. Usiku mmoja anatumbukia majini akiwa amelewa chakari, anaamua kuuacha mkondo umchukue afe, na anaelea kwa saa nyingi hadi maji baridi yanamlevua na mvuvi Mgiriki anamwopoa.

Hizo ndizo sehemu zinazosifiwa, na ni nzuri kweli. Lakini hazikunigusa. Nilizisoma kama nilivyomsoma Zakaria: huyo ni mwingine. Kilichonikamata kipo mbele zaidi, pale London alipokuwa tajiri, maarufu, ana shamba, na hapepesuki hata kidogo.

Alikuwa na kanuni. Kila asubuhi aliandika maneno 1,000, na hakugusa pombe kabla ya kuyamaliza. Soma polepole kinachoipata kanuni hiyo. Kwanza pombe ni zawadi ya kumaliza kazi. Baadaye hesabu ya maneno inakuwa saa ya kusubiria glasi. Kisha glasi moja haitoshi, zinakuwa mbili. Anaanza kunywa peke yake, jambo ambalo zamani hakulijua. Anamwagiza mhudumu wa baa wa mjini Oakland amchanganyie vinywaji kwa wingi na kumsafirishia nyumbani, ili visikosekane. Mwishowe inafika asubuhi ambayo maneno hayatoki mpaka kwanza apate kidogo. Kanuni imegeuka kichwa chini. Zamani kazi ilifungulia pombe mlango, sasa pombe ndiyo inayoifungulia kazi.

Yote hayo anayaeleza mwenyewe, kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi alivyobadilisha mbegu shambani. Na kila baada ya kurasa chache anakuhakikishia kwamba yeye hakuzaliwa na kiu ya pombe, kwamba si mlevi kama wale walevi.

Hapo nikakiweka kitabu chini. Kanuni yangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo, hapana. Kisha ikawa saa kumi na moja, maana foleni za Dar zinachosha. Kisha siku za Jumamosi hazikuhesabiwa. Kisha nikawa mtaalamu wa kuzimua: glasi ndogo ya asubuhi, si ya kulewa, jamani, ni ya kutuliza mkono ili kalamu nyekundu isitetemeke juu ya mswada wa mtu.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshayapanga haya kwenye orodha muda mrefu. Mwongozo wake wa kuainisha magonjwa uliotumika kwa miongo kadhaa una dalili sita za uraibu: hamu inayolazimisha, kushindwa kudhibiti lini uanze na lini uache, mwili kusumbuka ukikosa, ile ambayo vijana wa mtaani huiita arosto, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata kile kile cha zamani, kuyaacha mambo mengine uliyoyapenda, na kuendelea hata unapoona madhara. Zikikutana tatu ndani ya mwaka mmoja, daktari ana la kusema. Kuna pia maswali 10 yanayoitwa AUDIT, ambayo shirika hilo liliyatengeneza kwa utafiti uliofanyika katika nchi sita, mojawapo ikiwa ni Kenya. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni mambo ya Wazungu. Swali la sita linauliza kuhusu glasi ya asubuhi. La saba linauliza kuhusu hatia baada ya kunywa. La kumi linauliza kama ndugu, rafiki au mhudumu wa afya amewahi kuwa na wasiwasi nawe. Hakuna hata swali moja linalouliza kama unapepesuka.

Ukiisoma orodha hiyo huku umekifungua John Barleycorn, utaona kwamba London aliandika dalili karibu zote kwa mkono wake. Hili ndilo dai langu kuhusu kitabu: ukweli wake mkubwa unatokana na kutojiona kwa msimulizi. Angekuwa ameshajijua, angetuhubiria, na mahubiri tunayo ya kutosha. Lakini kwa kuwa anajitetea, anatuonyesha utetezi wenyewe ulivyoumbwa, tofali juu ya tofali. Mraibu anayesoma anausikia utetezi wake ukitoka kinywani mwa mtu mwingine, na hapo tu ndipo anausikia ulivyo mwembamba.

Upande mmoja London anaona mbali sana. Kitabu kinaanza siku ya kura ya California ya mwaka 1911, kura ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. London anapiga kura ya ndiyo, ilhali siku hiyo hiyo amekunywa, na sababu anayoitoa ni kwamba wanawake wakipata kura wataifunga milango ya baa. Kwake chanzo cha uraibu ni upatikanaji: pombe ipo kila mahali wanaume wanapokutana, basi vijana wanajifunza kuipenda wasiyoipenda. Hoja hiyo ina uzito, na waliotaka pombe ipigwe marufuku Marekani walikitumia kitabu hicho.

Lakini tazama hoja hiyo inamfanyia nini msimulizi. Kama kosa lote ni la mlango wa baa, yeye hana la kufanya ila kusubiri ufungwe na wengine. Nalijua hilo. Machi 2017, viroba vilipopigwa marufuku Tanzania, nilifurahi sana. Nikawaambia wenzangu ofisini kwamba hatimaye vijana wetu wataokolewa. Jioni ile nikanunua chupa kubwa.

Sasa nije kwenye upungufu wa kitabu, maana si cha kuabudiwa. Mkewe London, Charmian, yupo mwanzoni kabisa. Anamsikiliza mumewe akirudi kutoka kwenye kura, na anamhimiza ayaandike yote hayo. Baada ya hapo hatuelezwi alichokuwa akikiona yeye. Aliziona glasi mbili kabla ya chakula? Alihesabu? Alilala saa ngapi? Msimulizi anayekumbuka kila baa ya ujana wake hakumbuki uso wa mtu aliyekaa naye mezani.

Hapa ndipo nilipolazimika kumrudia Kezilahabi na kumwomba radhi. Nilikuwa nimemlaumu kwamba mlevi wake ameonwa kwa nje tu. Lakini nje ndiko waliko Regina na wanawe. Rosa Mistika inamtazama mlevi kutoka mahali anapoishi Rosa, na haijali sana Zakaria anajielezaje. London anatupa ndani ya mlevi na kutunyima nyumba. Kezilahabi anatupa nyumba. Timothy Arege, katika tamthilia yake Bembea ya Maisha, anajaribu kuviunganisha: Yona ni mlevi wa kuudhi, lakini tunasikia pia kejeli za wanakijiji kwa kuwa hana mtoto wa kiume, na mkewe Sara mgonjwa yupo jukwaani, ana sauti yake.

Nyumbani kwangu chupa ilikaa nyuma ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwenye rafu ya juu. Niliona ni maficho ya akili, kwa kuwa kamusi ile niliitumia mimi tu. Siku moja nilirudi nikaikuta imewekwa kichwa chini. Binti yangu, wakati huo yuko kidato cha kwanza, alikuwa na kazi ya shule ya methali na maana za maneno. Chupa ilikuwa palepale, haijasogezwa. Hakuniambia kitu, wala mama yake hakuniambia kitu. Alinipa shikamoo kama kawaida, akaniwekea chakula. Nilitamani angepiga kelele. Baadaye, nilipoulizwa swali la kumi, kwamba kuna mtu wa karibu aliyewahi kuwa na wasiwasi nami, nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema na wote walikuwa wanajua.

Aliyeniuliza alikuwa muuguzi, mama wa makamo, asiye na haraka. Nilipata alama 23. Kuanzia 20 kati ya 40, uraibu unashukiwa. Nikamwambia, kwa kiburi kile kile cha msimulizi wa London, kwamba basi leo naacha. Akaniambia, "Kaka yangu, wewe usiache kama mtu anayezima taa." Akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege katika siku mbili tatu za mwanzo, wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na wapo wanaokufa. Ni lazima daktari ajue, na dawa ipo. Hili sikuwahi kulisoma kwenye riwaya yoyote ya Kiswahili. Kwenye riwaya zetu mlevi ama anaangamia ama anatubu, na toba ikishatamkwa pazia linafungwa.

John Barleycorn nacho kinaishia vibaya, na ni vibaya kwa namna yenye faida. Baada ya kurasa zote zile, baada ya kueleza jinsi pombe ilivyomletea usiku wa kuona maisha hayana maana, London anaamua... hataacha. Atakunywa, lakini kwa ustadi zaidi. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu. Alifariki Novemba 1916, figo zikiwa zimeharibika, akiwa na miaka 40. Sisemi pombe peke yake ndiyo iliyomuua, mwili wake ulikuwa na maradhi mengi. Nasema mwisho ule si kosa la uandishi. Ni dalili ya mwisho ambayo kitabu kinatupa: mtu anaweza kuwa na maelezo yote sahihi na bado asiwe na mpango wa kesho.

Ninachokitafuta katika fasihi yetu ni hicho kinachokuja baada ya toba. Nani ataandika saa kumi na mbili jioni ya siku ya arobaini, ambapo hakuna kinachotokea, mtu anakunywa chai ya tangawizi na mikono haijui pa kukaa? Nani ataandika kuteleza? Mimi niliteleza mwezi wa tano, kwenye harusi, na kilichoniokoa si uchungu wa moyo bali simu: nilimpigia muuguzi asubuhi, akaniambia nije, sikuulizwa nina aibu gani. Nani ataandika familia inayojifunza upya kumwamini mtu, polepole, huku ikinusa? Hayo hayana fujo ya jukwaani, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nina miaka miwili na miezi kadhaa. Kamusi ipo rafu ya chini, kila mtu anaifikia. Binti yangu yuko kidato cha tatu na juzi alinikuta nasoma tena kitabu hiki, akauliza kinahusu nini. Nikamwambia kinahusu mtu aliyekuwa mlevi na hakujua.

"Na watu wa kwake, baba, walijua?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekitegemea jibu hilo, akaniomba nikimaliza nimpe.