Kisomo Kinapoinua Mwili

Waislamu wa pwani waliopita Tura kwenda Tabora katika karne ya 19 walichukua bidhaa na dini yao. Leo Maulidi husomwa bara na pwani. Afikapo msomaji wa Barzanji penye kuzaliwa Mtume (s.a.w.), wote husimama. Katika Maulidi ya Homu ya Unguja, watu hupiga magoti safu safu, wakayumba kwa kufuata kisomo. Tazama jinsi kitabu kinavyoinua mwili!

Lakini asimamaye kwa kuwa jirani kasimama, huyo ameiga tu. Sharifu Mansabu wa Lamu aliifasiri Barzanji kwa Kiswahili; udhuru hatuna. Wafahamisheni vijana maana kwanza, ndipo muwafundishe kuyumba. Mti nao huyumba, wala haujui upepo watoka wapi.