Waraka, Iritongo na Kura: Kuusoma Ujumbe wa Pasaka wa 2018 kutoka Tarime

Waraka wa kichungaji haupimwi kwa ufasaha wake tu. Hupimwa pia kwa jinsi unavyosomeka mahali ambapo maneno yake yana gharama. Katika makala hii tunakusudia kuutazama ujumbe wa Pasaka uliotolewa na Maaskofu wa KKKT mwezi Machi 2018, uitwao “Taifa Letu, Amani Yetu”, kwa kuusoma kutoka Tarime. Tunayemfikiria ni Mkristo mpenda mageuzi wa Turwa, Sirari au Nyamongo, ambaye kila uchaguzi unapokaribia hujiuliza maswali matatu: imani yangu yanidai nini, naruhusiwa kusema nini, na kura yangu ina maana gani?

Waraka na wakati wake

Maaskofu hawakuanza kusema mwaka 2018. Mwaka 1994, nchi ilipokuwa ikielekea uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa, walitoa Tamko la Bagamoyo. Ujumbe wa 2018 ulizaliwa katika hali ngumu zaidi. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiliwa tangu 2016. Mwezi Februari 2018 mwanafunzi wa chuo, abiria tu ndani ya daladala, aliuawa kwa risasi jijini Dar es Salaam wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Maaskofu walinena juu ya uhuru wa maoni, juu ya uchaguzi, na juu ya katiba mpya iliyokwama. Mwishoni mwa Mei barua ya ofisi ya serikali iliwataka waufute waraka ndani ya siku 10. Mwezi Juni waziri mwenye dhamana akaikana barua hiyo. Hata ndani ya Kanisa, zilikuwapo dayosisi ambazo waraka haukusomwa.

Wako waliosema kwamba Maaskofu walichanganya dini na siasa. Sisi twaona kwamba wasemao hivyo hawajalisoma ungamo letu. Kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg la 1530 chakiri kwamba Mkristo aweza kushika kazi za utawala bila dhambi, na papo hapo chaweka mpaka wa utii wake, kikifuata neno la Mitume katika Mdo 5:29. Tayari mwaka 1523 Luther alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mamlaka ya kidunia na mahali inapokoma. Kwa hiyo waraka ulisimama juu ya msingi wetu halali, nasi twawashukuru waliouandika.

Neno “amani”

Hata hivyo, kichwa cha waraka ni dhaifu kuliko mwili wake. Chasema “amani yetu”, kana kwamba ni mali ambayo sote tunayo na tunachohitaji ni kuilinda. Msomaji wa Tarime hawezi kulipita neno hilo kwa haraka. Mwezi Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi wa North Mara, Nyamongo. Mapigano ya koo yamewahi kuchoma nyumba na kuwatawanya watu. Nao mwezi Aprili 2018, majuma machache tu baada ya ujumbe wa Pasaka, kijana mmoja alikufa akiwa mikononi mwa polisi huko Sirari. Katika mazingira hayo afisa wa usalama husema “amani” akimaanisha watu wanyamaze. Mzee wa ukoo husema “amani” akimaanisha koo zisishikane silaha. Mhubiri naye hulitamka neno hilohilo madhabahuni. Yeremia 6:14 yatuonya juu ya wale wanaoganga jeraha la watu juujuu kwa kulitaja neno hilo. Kwa maoni yetu, waraka ungekuwa na nguvu zaidi kama kichwa chake kingeanza na haki.

Nani atajibu?

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, nao haumo katika maneno ya waraka bali katika njia yake. Waraka uliotetea uhuru wa kusema ulisomwa mbele ya watu walioketi kimya. Jibu pekee lililotazamiwa ni “Amina”. Mwaka uleule wa 1523 Luther alitoa kijitabu kingine, akitetea haki ya kusanyiko la Kikristo kuyapima mafundisho yote. Mtume Paulo pia, katika 1 Kor 14:29, anaagiza kwamba wanaponena wachache, wengine wapambanue. Kanisa letu limejifunza vema kile kitabu cha kwanza cha 1523, lakini cha pili limekiacha rafuni.

Wakurya wanalijua jambo hili bila Luther. Iritongo ni baraza la wazi ambapo shauri hunenwa, hupingwa na kujibiwa mbele ya watu wote. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Kwa desturi ya zamani wanenaji wake ni wanaume, na nyuma yake iko inchama, baraza la siri la wazee, ambalo neno lake huogopwa. Hapa ndipo kura ya siri inapoonyesha heshima yake: mwanamke aliyenyamazishwa barazani huhesabiwa sawa na mzee wa ukoo. Mwaka 2015 jimbo la Tarime Mjini lilimchagua mwanamke, Esther Matiko wa CHADEMA. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2018, mbunge huyo alifutiwa dhamana pamoja na mwenyekiti wa chama chake, Freeman Mbowe, nao wakakaa gerezani hadi Machi 2019. Wapiga kura wake walipata somo chungu. Kura ya siri haiwezi kumlinda anayenena hadharani. Na pasipo watu kunena hadharani, kura yenyewe hubaki kuwa hesabu tupu.

Dhamiri mbele ya sanduku

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2025. CHADEMA, chama kilichokuwa kimeshinda majimbo ya Tarime Mjini na Tarime Vijijini mwaka 2015, hakikuwamo katika uchaguzi wa Oktoba 29. Mkristo wetu angefanya nini? Wengine walimwambia kwamba kutopiga kura ni dhambi. Wengine kwamba kupiga kura ni usaliti. Pande zote mbili zilifanya kosa moja la kitheolojia: ziliigeuza kura kuwa sheria ya kumhesabia mtu haki. Kura ni tendo la kumpenda jirani. Haimwokoi mtu wala haimhukumu mbele za Mungu, na kwa sababu hiyo dhamiri mbili zenye imani moja zaweza kuamua tofauti.

Jambo hili Mlutheri wa Mara anaweza kujifunza kwa jirani yake. Wamennonite, walioanza kazi Shirati mwaka 1934, wamerithi mapokeo yanayojihadhari na upanga wa dola. Kifungu kilekile cha 16 tulichokitaja kiliwalaani mababu zao wa imani kwa ajili ya msimamo wao juu ya kazi za utawala. Mwaka 2010, mjini Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliwaomba Wamennonite msamaha kwa mateso waliyotendewa. Tukiwa tumeomba msamaha huo, hatuwezi tena kumdharau ndugu ambaye dhamiri yake yamzuia kwenda kituoni. Wala hatuwezi kukaa kimya anaponyimwa nafasi ya kueleza sababu zake. Siku ile ya Oktoba 29 intaneti ilizimwa na watu wakauawa. Waliobaki walikosa hata mahali pa kuulizana kilichotokea.

Hitimisho

Uchaguzi wa serikali za mitaa unatazamiwa mwaka 2029, na uchaguzi mkuu mwaka 2030. Yamkini waraka mwingine utaandikwa. Tunapendekeza kwamba usiishie katika kusomwa. Uende sharikani ukiwa na maswali. Baada ya ibada wanawake na vijana wapewe nafasi ya kwanza kunena. Majibu yao yaandikwe na kupelekwa jimboni na dayosisini, hata yale yanayowapinga Maaskofu. Mgombea wa chama chochote asipewe madhabahu. Mchungaji naye azuie jina la jirani lisichafuliwe kwa uongo, maana amri ya nane haisimamishwi wakati wa kampeni. Usharika uliozoea kupambanua mafundisho yake wenyewe utaweza kuitetea sauti ya mwingine mbele ya watawala bila kuona haya.