Paa la Hugh Herland

Ni shida kupata mwaloni wa kutoa boriti moja nzima ya mita 20 hivi. Huo ndio upana wa Westminster Hall, ukumbi wa kifalme wa London, na kuanzia mwaka 1393 seremala Hugh Herland aliuezeka bila kusimamisha nguzo hata moja katikati ya sakafu.

Ukumbi ulikuwa mkongwe tayari. Mfalme William wa Pili aliujenga kati ya 1097 na 1099, ukaitwa kwa jina la mahali ulipo: Westminster, yaani kanisa la watawa lililo magharibi ya jiji. Karibu karne tatu baadaye Mfalme Richard wa Pili alitaka fahari zaidi. Mwashi Henry Yevele akaimarisha kuta, na paa likawa la Herland.

Tazama alivyofanya. Kutoka kila ukuta alichomoza boriti fupi, akazitegemeza kwa miti iliyopinda. Kwenye ncha ya kila boriti akasimamisha nguzo fupi ya kubeba kenchi ya juu, kisha matao makubwa ya mbao yakaunganisha pande mbili. Kila kipande hupokea mzigo na kumpa jirani yake, mpaka ufike ukutani. Ncha zile, mahali penye kazi ngumu kuliko pote, zikachongwa malaika walioshika ngao.

Mbao ziliandaliwa Farnham, Surrey, zikapelekwa kwa mikokoteni hadi mto Thames, kisha kwa mashua hadi Westminster: zaidi ya tani 600. Hebu fikiria utulivu wa mkono uliokata ulimi wa boriti, uliopaswa kuingia sawasawa kwenye tundu lake baada ya safari hiyo yote.

Richard alipinduliwa 1399, akafa 1400. Paa lilikamilika 1401. Moto wa 1834 uliteketeza sehemu kubwa ya kasri la Westminster lenye ukumbi huo, lakini ukumbi ukapona. Wadudu walipozitafuna mbao, mafundi wa karne ya 20 waliziongezea chuma ili zisianguke.

Septemba 2022 umati ulipita humo kimya mbele ya jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili. Wafalme huingia ukumbini na kutoka. Juu yao malaika wa mwaloni wangali kwenye zamu yao, kama Herland alivyowapangia.