Pale Nota Zinapoisha

Karatasi ya mwanafunzi wa taarabu imejaa nota: wapi fidla ziingie, wapi akodiani ijibu, wapi mwimbaji apokee. Ikifika zamu ya taksimu, ala moja inapopiga peke yake, nota zinakatika. Hapo pameandikwa jina la ala tu, labda na la maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa kufuatwa. Kuanzia hapo kijana anabaki na vidole vyake, na ukumbi mzima unamsikiliza.

Nalipenda onesho la wanafunzi kwa ajili ya dakika hizo. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi udi, kanuni, fidla na dumbaki, na kwenye ala hizi taksimu ndiyo inayoonyesha nani amefundishika. Wimbo unaweza kukaririwa. Taksimu hubuniwa palepale.

Wengine hudhani kubuni papo hapo ni kupiga chochote kinachokujia. Sivyo. Hata malenga anayejibu shairi barazani hachagui vina apendavyo. Vina na mizani anavyo tayari, na ufundi wake unaonekana humo. Mpiga taksimu naye ana maqamu yake. Huanza taratibu kwenye sauti ya chini, aizungukezunguke mpaka masikio yaizoee, kisha apande. Akipanda mapema mno, hana tena pa kwenda.

Mtazame binti aliyeketi na kanuni mapajani. Nyuzi zapita sabini, nyingi zikiwa tatu tatu kwa kila sauti, na kwenye vidole vyake vya shahada amevaa pete zilizobana vibanzi vya kupigia. Yumo katika maqamu ya Bayati inayoanzia Re. Anataka kuingia maqamu nyingine, Hijazi, juu ya Sol: La ishuke, Si ipande. Mkono wa kushoto unaacha nyuzi na kukimbilia vijichuma vya kubadili sauti vilivyopangwa pembeni, huku wa kulia ukiendelea peke yake ili muziki usikatike. Kijichuma kimoja kikisahaulika, sauti inatoka kombo na kila mtu anasikia. Vikikaa sawa, ukumbi unabadilika hali bila mtu kujua ni nini kilichoguswa.

Wenzake nao wana kazi, na mimi huwatazama wao zaidi. Fidla zinashikilia sauti moja ndefu chini yake. Mpiga dumbaki ameweka viganja juu ya ngozi, hapigi. Lazima wamsikilize kwa makini, maana hakuna wa kuwahesabia. Watajua anarudi kwa jinsi anavyoteremka kuelekea Re, na akiifikia tu waingie pamoja. Kijana mwenye haraka ataingia mapema amkate mwenzake kauli. Sijui mazoezi mengine yanayomfundisha mtu kusubiri kwa namna hii.

Ufundi huu umepita kwa watu waliokaa karibu na walimu wao. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Tangu kuundwa kwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, vikundi vya Unguja vimekuwa na wapigaji ambao vijana huwaketia ubavuni: mwalimu apige kifungu, mwanafunzi ajibu, akijibu vilevile aambiwe ajibu vingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema taksimu waachiwe mabingwa, wanafunzi wapige walichoandikiwa. Bingwa ataipata wapi asipoanza akiwa bado anatetemeka? Isitoshe, kinanda cha umeme kilichopangwa kwa sauti za kawaida hakiwezi kuipiga ile Mi ya Bayati, iliyo kati ya funguo mbili. Asiyezoezwa ala kama udi, kanuni au fidla hataijua. Mpeni kila mwanafunzi taksimu yake kwenye onesho, hata ya dakika moja, pamoja na yule wa mwaka wa kwanza anayejua maqamu moja tu.