Ufundi wa Kumshika Ndege Aliyeanguka

Ndege akianguka uani Bombambili, Songea, siku hizi, mara nyingi balaa la pili humfika kutoka kwa watu wanaomtakia mema. Mtoto anamdaka na kumbana kiganjani, jirani analeta maji kwenye kifuniko cha chupa na kumtia mdomoni kwa nguvu, mwingine anamega andazi. Muda si mrefu ndege amekufa, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Huenda hazikuwa zimefika. Mikono iliyomshika haikuijua kazi. Kumsaidia ndege wa porini aliyeumia ni ufundi wenye kanuni na mipaka, kama ulivyo ufundi wa kuunga mfupa, na huruma peke yake haiwezi kushika nafasi yake. Huruma bado tunayo, tena tele. Ufundi ndio unaotuponyoka, na kuponyoka kwake hakuna anayekulilia.

Kazi huanza na jicho, na jicho hufanya kazi vizuri zaidi miguu ikiwa imesimama. Mvua zinaposhika Songea, makinda huanza kutoka viotani kabla mabawa hayajakomaa. Kinda la shore lenye manyoya kamili na mkia mfupi, linalorukaruka chini ya mpera, halijapotea wala halijaumia. Limo katika siku zake za kujifunza, na wazazi wake wako juu ya tawi la jirani, wadudu mdomoni, wakisubiri watu waondoke ili wamlishe mtoto wao. Anayeliokota kinda hilo na kulipeleka ndani ameliiba, hata kama nia yake ni njema. Msaada linaouhitaji ni paka kufungiwa na watoto kuitwa pembeni. Likiwa mahali pa hatari, linainuliwa na kuwekwa kwenye tawi la karibu. Kinda lisilo na manyoya ni jambo jingine: hilo hurudishwa kiotani kama kiota kinafikika. Wengi husita hapa kwa kuamini kwamba mama atalikataa akinusa mkono wa mtu. Si kweli. Ndege wa bustanini hawawatambui watoto wao kwa harufu, bali kwa sauti na mahali walipo.

Lakini moyo wa ufundi huu ni mkono, na hapo inafaa tukae. Ndege hana kiwambo cha misuli kama chetu cha kumsaidia kupumua. Hewa huingia na kutoka kwa kidari chake kupanda na kushuka, basi anayemkaza kifuani amemziba pumzi, ingawa pua na mdomo viko wazi. Ndege hufa hivyo kimya kimya mikononi mwa mtu anayemwonea huruma. Mkono unaojua humpokea ndege mgongo wake ukielekea kiganjani, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vingine vikiyafunika mabawa bila kuyabana, na kidari kikiachwa huru kabisa. Namna hiyo ndiyo wanayoitumia watafiti duniani kote wanapowavisha ndege pete za utambulisho, na mtegaji wa ulimbo aliyetaka windo lake libaki hai alilazimika kujua jambo la namna hiyo hiyo. Mkono ukiwa umetulia, bawa moja hukunjuliwa taratibu, kisha la pili, na jicho hulinganisha: lipi limelegea, lipi lina damu.

Tetere humfundisha mtu adabu hii haraka kuliko ndege wote. Ukimshika kwa pupa huacha manyoya ya mkia mkononi mwako na kuondoka. Unyoya uliong'oka huota upya baada ya majuma kadhaa. Uliovunjika haujiungi, bali husubiri mpaka msimu wa ndege kubadilisha manyoya, na ndege mwenye manyoya mengi yaliyovunjika hawezi kuruka sawasawa muda wote huo. Ndiyo maana wafuga kozi (ndege wa kuwindia) wa Uarabuni, watu waliorithi elimu hii kizazi kwa kizazi, wana ufundi wa kupandikiza unyoya mzima kwenye kishina cha ule uliokatika. Abu Dhabi ina hospitali nzima ya kozi, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambako kazi hiyo hufanywa kila siku. Sisemi kwamba Songea inahitaji hospitali ya namna hiyo. Nasema kwamba mahali fulani duniani watu wameona unyoya mmoja unastahili mikono ya fundi.

Baada ya mkono ni giza. Joto la mwili wa ndege ni karibu nyuzi 40 au zaidi, na ndege aliyeshtuka hulipoteza upesi. Katika mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wenye baridi ya Juni na Julai, hilo peke yake linatosha kumuua. Kinachohitajika ni boksi la viatu lililotobolewa matundu, kipande cha khanga ndani yake, na chupa ya maji ya uvuguvugu upande mmoja tu, ili ndege aweze kujisogeza akiona joto limezidi. Kisha boksi linafunikwa na kuwekwa mbali na redio, paka na macho ya watu. Asipewe maji mdomoni, kwa kuwa tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone lililosukumwa na mtu huishia mapafuni. Asipewe mkate wala maziwa. Aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha mara nyingi hahitaji zaidi ya saa moja au mbili za giza. Boksi linafunguliwa nje, na akiruka, kazi imekwisha. Aliyeng'atwa na paka ni mgonjwa hata kama jeraha halionekani, maana vijidudu vya meno ya paka huua haraka. Huyo, pamoja na mwenye bawa lililolegea, ni wa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Yuko pia teleka, anayefanana na mbayuwayu, ambaye anaweza kuonekana mahututi kumbe ni mzima. Mabawa yake ni marefu mno na miguu mifupi mno, kwa hiyo akiangushwa na dhoruba anapata taabu kubwa kunyanyuka kutoka chini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi walionyesha kwamba teleka wa Ulaya, ambao huja Afrika kukimbia baridi ya kwao, wanaweza kukaa angani miezi 10 karibu bila kutua. Ndege wa namna hiyo akikutwa chini bila jeraha, huwekwa juu ya kiganja kilichokunjuliwa, mahali pa wazi, mkono ukiinuliwa juu. Harushwi. Anasubiriwa mpaka aamue mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni anasa, kwamba ndege mmoja si kitu, na kwamba wengi wa hao watakufa hata wakishikwa vizuri. La mwisho ni kweli, na fundi mwaminifu halifichi. Lakini boksi la viatu na saa moja ya utulivu havimpunguzii mtu chakula mezani, na mtoto aliyefundishwa kulegeza vidole juu ya kidari cha tetere amefunzwa namna ya kuwa na nguvu bila kuitumia. Pingamizi la sheria ni zito zaidi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Naikubali sheria hiyo bila shingo upande, kwa sababu inasema kile ambacho ufundi wenyewe unasema: ndege huyu si wako, unamshika ili umwachie. Kuhusu asiyeweza kuachiwa, taarifa hupelekwa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Hatiwi kwenye tundu sebuleni. Kuhusu magonjwa, anayefuga kuku ana haki ya kuogopa mdondo na mafua ya ndege. Jibu ni kunawa kwa sabuni, kuliweka boksi mbali na banda, na kutomgusa kwa mikono mitupu ndege aliyekutwa mgonjwa bila jeraha. Ipo pia hofu ya mikosi: bundi hupigwa mawe kwa kuitwa mjumbe wa kifo, ilhali usiku kucha anakula panya wanaotoboa magunia ya mahindi. Naivasha, nchini Kenya, wapo watu wanaowauguza bundi, tai na mwewe walioungua kwenye nyaya za umeme na kuwarudisha angani, na hakuna msiba unaowaandama kwa sababu hiyo.

Kinachoniumiza ni kwamba tunaongeza maanguko huku tukipunguza mikono inayojua. Ua wa michongoma, uliokuwa maficho ya kinda, unang'olewa kupisha ukuta wa matofali. Udongo unafunikwa kwa zege, na ndege anayeanguka hapo hana jani la kujificha. Nyumba mpya zinawekwa vioo vinavyoakisi mwembe mzima, na ndege anauendea mwembe huo wa uongo kwa kasi yake yote. Mtoto naye anaujua uso wa simu kuliko sauti ya shore anayelia kwa hofu ya paka. Hakuna aliyekaa akaamua kuwadhuru ndege. Tumeacha tu kuangalia, na uzembe umefanya kazi ambayo ukatili usingeweza kuimaliza.

Basi mwenye nyumba wa Bombambili, acha walau upande mmoja wa michongoma. Weka pazia jepesi au michirizi ya rangi kwenye kioo kinachotazama miti. Mfungie paka asubuhi za msimu wa makinda. Na mwanao akikujia mbio, kiganja kimefumba, usimwambie akitupe alichokishika. Mfundishe kwanza kulegeza vidole.