Inachemsha Lini?

Ilikuwa mara ya nne mwezi ule nafungua boneti kando ya Barabara ya Mandela, dumu la maji mkononi kama mtu anayetoka kisimani. Wauza karanga wa foleni ile walishanizoea. Mmoja alisimama, akautazama mvuke, akasema, "Kaka, leo tena?" kisha akaendelea na wateja wenye magari mazima.

Kiswahili cha barabarani kinasema gari "inachemsha", si kwamba inachemka. Kana kwamba kuna chungu mle ndani na gari ndilo mpishi. Na mtu akivurunda usaili au akikataliwa posa, naye tunasema amechemsha. Mwezi ule gari na mwenye gari tulichemsha pamoja.

Mafundi watatu walishapita. Wa kwanza aliitoa themostati, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akanieleza kuwa kidude kile ni cha nchi za baridi, hapa Dar hakina kazi. Wa pili alizibua rejeta. Wa tatu, kijana mwenye sauti ya daktari bingwa, alitangaza kwamba gasketi imekufa na silinda hedi lazima ifunguliwe, akataja bei iliyonifanya nifikirie kuliuza gari lenyewe. Sidhani kama yupo aliyenidanganya kwa makusudi. Rejeta huziba kweli, na gasketi hufa kweli. Kila mmoja aliuona ugonjwa aliouzoea kuutibu.

Wa nne nilielekezwa na dereva wa daladala. Nikamkuta Tabata Relini, mzee mwembamba aliyeketi kwenye siti ya nyuma ya gari fulani lililokwisha kusahaulika, miguu kaikunja, anapangusa spana moja moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Inachemsha."

"Lini?"

Nikamwambia tangu mwezi uliopita. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi tarehe, mwanangu. Inachemsha lini? Ikikimbia au ikisimama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamsimulia safari ya Morogoro ya wiki iliyopita: karibu kilomita 200 kwenda, na nyingine kurudi, mshale wa joto haukufika hata katikati. Nilipoingia foleni ya Kimara, robo saa haikuisha, ukapanda hadi kwenye nyekundu.

"Haukufika hata katikati," alirudia polepole. "Na asubuhi, ukiwasha, unachukua muda gani kunyanyuka?"

"Mara nyingine nafika kazini haujanyanyuka."

"Nani alikutolea themostati?"

Nilikuwa sijaitaja. Boneti ilikuwa bado imefungwa.

Injini haigeuzi petroli yote kuwa mwendo. Kama theluthi ya joto hutoka na moshi, na fungu linalokaribiana na hilo huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini, yakapelekwa rejeta kupoa. Kwenye barabara wazi, mwendo wa 80, upepo hujipitisha wenyewe katikati ya rejeta, na feni inaweza kufa ukaendesha siku nyingi bila kujua. Kwenye foleni hakuna upepo mwingine isipokuwa wa feni. Kwa hiyo gari linalochemsha likikimbia, fundi huanza kuyashuku maji: yamepungua, rejeta imeziba, au pampu haisukumi. Likichemsha limesimama tu, huushuku upepo. Si sheria ya msahafu, maana rejeta iliyoziba nusu inaweza kuonyesha sura zote mbili. Ila kwa neno moja, "lini", mzee yule alikuwa ameshaweka kando sehemu kubwa ya gharama nilizokuwa nimelipa.

Hata hivyo hakuruka hatua. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia humo na gasketi ina kesi ya kujibu. Akachungulia kopo la maji ya akiba injini ikinguruma, aone kama kuna mapovu. Hakuna. "Gasketi yako nzima," akasema. "Huyo kijana alitaka kula Idi mapema."

Kisha akafunga boneti, akaliacha gari likinguruma juani, akanionyesha nafasi kando yake kwenye siti. "Tuitengeneze foleni hapa hapa."

Tukakaa. Hapa wengi hushindwa, na nadhani hata mimi ningekuwa fundi ningeshindwa, kwa sababu mteja amekodoa macho na anataka kuona mikono inafanya kazi. Mzee hakushika spana. Ilipita karibu nusu saa. Treni ikapita, watoto wakaipungia, mshale ukapanda kidogo kidogo. Hatimaye kitu kikalia "tak" chini ya boneti na feni ikaanza kuvuma.

"Feni inafanya kazi," nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara tatu.

Akachukua ukurasa wa gazeti la jana, akasogea mbele ya gari, akaushika kwa ncha za vidole viwili karibu na grili. Nilitegemea karatasi ivutwe na kunata pale. Badala yake ilipepea kuelekea kifuani mwake kama bendera. Akaiachia. Ikaruka, ikatua miguuni pangu.

"Umeona? Inapumua kwa nje."

Ndipo nilipokumbuka. Kabla tu ya mkasa wote kuanza, mota ya feni ilikuwa imekufa nikafungiwa ya mtumba. Plagi hazikulingana, fundi umeme akakata waya na kuunga kwa kubahatisha. Mota ya namna ile haina ubishi: ukibadilisha waya, huzunguka kinyume kwa bidii ile ile na sauti ile ile. Feni yangu ilikuwa ikichota hewa ya moto kutoka kwenye injini na kuisukuma mbele kwenye rejeta, ikidhani inasaidia. Macho yalikuwa yameridhika kwamba inazunguka. Karatasi iliulizwa feni inazungukia wapi.

Kukata tepu nyeusi, kubadilishana waya na kuzifunga upya hakukuchukua hata dakika tano. Karatasi ikang'ang'ania grili. Nikaingiza mkono mfukoni nimlipe.

"Subiri. Mara moja ni bahati. Izime yenyewe, iwake yenyewe, mara tatu."

Tulipokuwa tunasubiri alichukua bisibisi nyembamba akawa ananyoosha mapezi ya rejeta yaliyolala, moja baada ya jingine, kama mtu anayemsuka mtoto. Nikakumbuka kwamba rejeta ya namna hii ina ukoo. Wilhelm Maybach aliifunga kwenye Mercedes ya mwaka 1901, yenye vijineli zaidi ya 8,000 vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki, na nyuma yake akaweka feni kwa ajili ya mwendo wa polepole. Foleni, kumbe, ilifikiriwa kabla ya Dar es Salaam kuwa na magari. Sikumsimulia mzee. Alikuwa ameinamia sega lake.

Nikauliza kama tufungue mfuniko wa rejeta tuongeze maji. Akakunja mkono wa shati. Kuanzia kiwiko kushuka palikuwa na kovu la kung'aa, pana kama jani la mkungu. Maji yaliyobanwa mle ndani, akaeleza, yanaweza kupita digrii 100 na yasichemke. Ukifungua tu yanachemka ghafla na kuruka pamoja na mvuke, usoni pako. "Mimi nilikinga kwa mkono. Njoo kesho asubuhi injini ikiwa baridi. Na uje na themostati, ya digrii 82, usikubali nyingine."

Feni ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Mara ya tatu ilipowaka mshale haukuwa umetikisika kutoka pale katikati. Mzee akaubandua ukurasa kwenye grili, akaukung'uta vumbi, akaunyoosha magotini, akaanza kusoma habari za Simba na Yanga.